Nyimbo 113 kutoka Windows hadi Mac: shajara ya studio yangu, Umoja, Nairobi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimehesabu. Tangu 2017 nimefungua miradi 113 kwenye kompyuta hii: nyimbo za injili, benga, za vijana wa mtaa, matangazo mawili ya redio. Yote imo ndani ya mashine moja ya mezani yenye Windows 10, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne, memori GB 8 na diski mbili. Microsoft imetangaza kwamba huduma ya Windows 10 inafika mwisho tarehe 14 Oktoba mwaka huu. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu haifikii. Kununua kompyuta nyingine ni lazima, na baada ya wiki tatu za kuuliza watu nimeamua ni Mac.

Sababu kubwa ni feni. Studio yangu ni chumba kimoja: kitanda ukutani, pazia zito, meza, maiki. Kompyuta iko mita moja na nusu kutoka kwa maiki. Kila vokali niliyorekodi humu ina mvumo wake, na ukiibana sauti kwa kompresa, mvumo unapanda kila mwimbaji anapovuta pumzi. Nimeukata kwa ikwalaiza, nimelifunika sanduku kwa blanketi hadi likapata moto likazima. Nimechoka kuuza nyimbo zenye mvumo.

Ila shajara hii naiandika kwa ajili ya jambo jingine. Watu wakihama kompyuta huzungumzia mashine. Mimi hofu yangu iko kwa zile nyimbo. Walioimba chumbani humu waliniachia sauti zao, na wanajua kwamba wakirudi baada ya miaka mitano watazikuta. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: mashine ya zamani haitoki mlangoni hadi kila wimbo kati ya hizo 113 usikike kwenye mashine mpya.

Kazi iliyo mezani kwa sasa: albamu ya kwaya, nyimbo tisa, zinatakiwa mwezi wa kumi.

Jumatano, 6 Agosti

Nilikuwa nimeipenda Mac mini, kompyuta ya mezani ya Apple yenye chipu ya M4. Ni ndogo, inaanza na memori GB 16, na bei yake Marekani inaanzia dola 599. Kisha jana usiku stima ikapotea mara mbili nikiwa katikati ya kumiksi. Mac mini haina betri. Ningehitaji UPS juu yake, ile betri ya akiba stima ikipotea, na skrini, na bado nisingeweza kuibeba kwenda kanisani kurekodi kwaya.

Basi ni MacBook Air, laptopu yenye chipu ya M1, ile ya mwishoni mwa 2020, ya mtumba. Haina feni hata moja, haitoi sauti yoyote. Chipu hizi memori yake imeunganishwa pamoja na prosesa, huwezi kumpelekea fundi akuongezee baadaye kama tulivyozoea. Ukinunua GB 8 umenunua GB 8. Natafuta ya GB 16, na nimekataa kushawishiwa vinginevyo. Kwenye chama nina shilingi 90,000.

Programu sibadilishi. Nafanya kazi na FL Studio, programu ya kurekodi na kutengeneza muziki, na tangu toleo la 20 lililotoka Mei 2018 kuna toleo rasmi la Mac, na leseni ileile moja inatumika pande zote mbili. Rafiki zangu wananihimiza Logic. Ni programu nzuri, na ni ya Mac pekee tangu Apple ilipoinunua kampuni ya Emagic mwaka 2002 na kuliacha toleo la Windows. Lakini nikibadilisha mashine na programu kwa wakati mmoja, kosa likitokea sitajua limetoka upande gani. Kwaya haitanisubiri nijifunze.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeshinda mjini tangu saa tatu asubuhi.

Duka la kwanza, la ghorofani karibu na Moi Avenue, walikuwa na Air safi sana, GB 16, kwa bei iliyonifanya nishtuke. Nikaomba tuifute yote mbele yangu, tuiunganishe na Wi-Fi, tuanze upya. Ikatokea skrini inayosema kompyuta hii inasimamiwa na shirika fulani la ng'ambo. Yaani ilikuwa ya ofisi, na ofisi haijaiachilia. Muuzaji akaniambia, "Bosi, hiyo si shida, unairuka tu bila kuweka intaneti." Kuiruka unairuka, ila siku utakayoifuta tena itarudi palepale, na mwenye funguo ni mtu usiyemjua. Niliondoka. Anayesoma haya akitaka kununua Mac ya mtumba Nairobi, afanye hivi kabla hajagusa simu kulipa: ifutwe, iunganishwe na intaneti, ifike hadi kwenye eneo-kazi bila kudaiwa akaunti ya mtu mwingine wala kutaja shirika.

Duka la tatu nilihudumiwa na dada mmoja mtulivu aliyenipa kiti na kuniacha nifanye ukaguzi wangu. Betri ilikuwa imechajiwa mizunguko 212. Apple huihesabia betri ya mashine hii mizunguko 1,000. Nilibofya kila kitufe cha kibodi. Nilichomeka waya kwenye matundu yote mawili ya USB-C, maana ni mawili tu, na vipokea sauti kwenye tundu lake. Nilicheza wimbo wangu mwenyewe ninaoujua besi yake. Nikalipa kwa M-Pesa, risiti ikaandikwa nambari ya mashine.

Chenji ya chama ilinunua kitovu cha USB chenye matundu ya kawaida, kwa sababu Scarlett 2i2 yangu (kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta), kibodi ya muziki ya MIDI na mausi vyote vina waya wa zamani.

Jumapili, 10 Agosti

Kenya na Morocco wanacheza mpira uwanjani Kasarani. Kurekodi hakuwezekani, mtaa mzima uko kwenye televisheni na milango iko wazi. Tulipofunga bao lile moja hata kuta zilipiga kelele.

Nikatumia alasiri hiyo kuanza kutoa stemu kwenye kompyuta ya zamani. Kwa wasiozoea neno: badala ya kuhifadhi wimbo kama faili ya mradi inayotegemea programu na plagini (programu ndogo za ala na madoido zinazofanya kazi ndani yake), unautoa kwa vipande, kila ala na kila sauti faili yake ya WAV, zote zikianzia sekunde sifuri. Programu yoyote duniani itazifungua. FL Studio ina kisanduku cha kutoa kila traki ya mikisa peke yake.

Mpango wangu ni huu. Miradi 46 ya kuanzia 2021 inabebwa mizima, kama kifurushi cha zip kinachokusanya faili ya mradi na sampuli zote, yaani vipande vya sauti vilivyotumika, pamoja na stemu. Ile 67 ya kabla ya hapo, stemu tu. Wenyewe wengi hawajarudi kwa miaka, na rekodi ghafi zimetawanyika kwenye folda tano. Leo nimemaliza nyimbo sita.

Alhamisi, 14 Agosti

Hesabu za nafasi, kwa sababu ziliniumiza kichwa. WAV ya stereo, biti 24, sauti ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde, inakula takriban MB 16 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 20 ni kama GB 1.3. Nimenunua diski ya nje ya TB 1.

Diski hiyo ilikuja ikiwa NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili. Mac inaisoma NTFS lakini haiandiki juu yake. FAT32 inakubalika kote, ila haibebi faili inayozidi GB 4, na vifurushi vyangu viwili vya kwaya vinazidi hapo. Nimeiumbiza upya iwe exFAT, ambayo pande zote mbili zinaisoma na kuiandika. Ukiirudisha diski hiyo kwenye Windows baada ya kuichomeka kwenye Mac utaona vifaili vidogo vinavyoanza na nukta na mstari wa chini. Si virusi. Mac huandika humo maelezo yake, na nilimzuia mdogo wangu alipokuwa tayari kuvifuta pamoja na visivyostahili.

Jumanne, 19 Agosti

Stima ilipotea saa nne usiku huku nikinakili. exFAT haina daftari la kumbukumbu la kuijulisha ilikuwa wapi ilipokatwa. Iliporudi, folda ya wimbo wa 71 ilikuwa na majina ya faili 18, na tisa kati ya hizo zilikuwa na ukubwa wa sifuri. Majina yalikuwepo, sauti haikuwepo. Kama ningehesabu majina tu ningejiambia nimemaliza.

Tangu leo, kila folda naihesabu idadi na ukubwa, pande zote mbili, kisha nafungua faili ya mwisho na kuisikiliza hadi mwisho. Inachosha. Nyimbo 70 za mwanzo nazirudia ukaguzi usiku huu na kesho.

Jumamosi, 30 Agosti

Plagini. Hapa ndipo kazi ilipo, na hakuna aliyenionya vya kutosha.

Nimeorodhesha plagini 41 nilizowahi kutumia kwenye nyimbo 113. Kwa 26, aliyeitengeneza ana toleo la Mac. Unaingia kwenye akaunti yako, unapakua, na mradi ukifunguliwa vitufe vyote viko pale ulipoviacha. Hilo lilinifurahisha mno mara ya kwanza. Tisa nimezipatia mbadala. Sita zimekufa.

Zilizokufa ni zile za bure tulizopeana kwenye flashi 2017, za biti 32, zilizoandikwa kwa ajili ya Windows tu. Plagini ya Windows ni faili ya dll. Mac haijui ni kitu gani. Mac ina folda yake, Library, ndani yake Audio, ndani yake Plug-Ins, na humo kuna nyumba ya kila aina ya plagini: VST, VST3 na AU. Na hata waliozitengeneza wangetaka kuzihamisha zilivyo, macOS iliacha kabisa programu za biti 32 tangu Catalina mwaka 2019.

Moja kati ya hizo sita ni besi. Besi hiyo imo kwenye nyimbo zangu 38. Ni nene, ina ukwaruzo kidogo mwanzoni mwa noti, na wateja huniambia "weka ile besi yako". Sikuwa tayari kuiacha nyuma. Kwa hiyo juzi nilikaa kwenye mashine ya zamani nikairekodi noti kwa noti: C, E bapa, F kali na A, katika oktava tatu, kila moja sekunde nane hadi ifie yenyewe. Faili 12. Nikazipanga upande wa Mac kwenye sampula, ala ya programu inayopiga sauti zilizorekodiwa, kila noti ikibeba jirani zake wa karibu. Ilichukua saa tatu. Nimeipiga leo asubuhi na mdogo wangu akapaza sauti kutoka nje, "Umerudi kwa ile kompyuta?"

Kwa nyimbo za zamani stemu inatosha, kwa kuwa besi imeshakuwa sauti na haihitaji plagini. Sampula ni kwa ajili ya nyimbo zijazo.

Neno kuhusu zile tisa za mbadala: usitafute inayofanana kwa sura. Nilipoteza siku nzima na plagini moja ya mwangwi yenye vitufe vilevile ambayo haikuwa na roho ileile.

Alhamisi, 4 Septemba

Kipindi cha kwanza cha kurekodi kwenye Mac, na binti mmoja wa Donholm mwenye sauti ya chini nzuri sana. Aliimba ubeti mzima. Nikacheza: kimya. Wimbi bapa kabisa.

Scarlett ilikuwa imetambuliwa bila draiva yoyote, taa ya kijani inawaka. Nilitoa waya, nikarudisha, nikabadilisha maiki, huku yeye akinitazama. Dakika 20. Kumbe siku nilipoifungua programu mara ya kwanza Mac iliniuliza kama naruhusu itumie maiki, nami nikafunga dirisha bila kusoma. Tangu 2018 kila programu ya Mac lazima ipewe ruhusa hiyo. Iko kwenye mipangilio ya faragha na usalama, sehemu ya maiki. Unawasha, unafunga programu, unafungua tena. Nilimwomba radhi. Alirudia ubeti, na ulitoka bora kuliko ule ambao haukushikwa.

Vidole navyo vinajifunza. Kazi nyingi za Ctrl zimehamia Command, kando ya kitufe cha nafasi, kwa hiyo kidole gumba ndicho kinachofanya kazi ya kidole kidogo. Kufunga dirisha hakufungi programu, ni Command na Q. Gurudumu la mausi lilikuwa linakwenda kinyume hadi nilipozima kile wanachoita usogezaji wa asili. Kwenye jedwali la noti la FL, kufuta noti ni kubofya kulia, na kwa kibao cha kugusa hilo ni mateso. Baki na mausi yako.

Jumamosi, 13 Septemba

Kwaya, ukumbi wa kanisa, waimbaji 24, maiki mbili.

Nilifika na begi moja mgongoni. Mwaka jana nilikuja na teksi kwa sababu ya lile sanduku, skrini na waya zake. Mwalimu wa kwaya alinizunguka akitazama chini ya meza. "Kijana, mashine umeiacha wapi?" Nikamwonyesha laptopu. Akatikisa kichwa, akaenda kuwapa sauti.

Kuhusu kuchelewa kwa sauti. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu, na ukubwa wa fungu hilo ndio bafa. Mashine ya zamani nilikuwa naiwekea vipimo 1,024 ili isikwaruze, na kwa vipimo 44,100 kwa sekunde hiyo ni zaidi ya milisekunde 23 kwa upande mmoja tu wa safari. Mwimbaji anajisikia kwenye vipokea sauti akiwa nyuma ya mdomo wake, anaanza kuvuta maneno, na mtu anadhani hajui mdundo. Leo niliweka 128, takriban milisekunde tatu, traki 30 zikicheza nyuma, bila mkwaruzo. Mama anayeongoza soprano, ambaye siku zote hutoa upande mmoja wa vipokea sauti sikioni, leo aliviacha vyote viwili.

Saa tisa mvua ikaja na paa ni la mabati. Tukakaa. Mwalimu akatumia muda huo kuwafundisha besi mstari wa saba, nami nikawarekodi na mvua yake kwa ajili yangu. Tulimaliza nyimbo nne. Stima ilipotea saa kumi kasorobo kwa dakika 40 na hatukusimama. Scarlett inakula umeme wa laptopu yenyewe.

Usiku, nyumbani, nilipandisha kompresa kwenye solo hadi mwisho nikasikiliza katikati ya mistari. Pumzi. Kiti kikisogea. Gari mbali. Hakuna mvumo. Miaka minane nimeungoja ukimya huo.

Jumanne, 16 Septemba

Toleo jipya la macOS, Tahoe, limetoka jana na kompyuta inaniuliza kama nisasishe. Sisasishi hadi kwaya iishe na wenye plagini waseme wamelijaribu.

Jumatano, 24 Septemba

Nyimbo 113 zote ziko kwenye Mac. Kijana jirani, mwanafunzi wa chuo, amenipa arubuni ya mashine ya zamani; atakuja Ijumaa. Nilipanga kesho nizifute diski.

Leo jioni alibisha mama mmoja. Nilimtambua kwa kanga kabla ya uso. Mume wake alikuwa mpiga nyatiti. Walikuja hapa 2019 tukarekodi nyimbo tatu, yeye ameketi kwenye kigoda chake cha chini, nyuzi nane, njuga za gara mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mwili wa ala. Mzee alifariki mwaka jana. Wanafanya kumbukumbu mwezi ujao.

"Mwanangu, bado unazo?"

"Ninazo, mama. Karibu ukae."

Nilifungua stemu za wimbo wa kwanza. Nilizima ngoma, nikazima besi, nikabakiza nyatiti. Alisikiliza kwa mikono miwili mapajani. Ulipoisha alisema, "Ni yeye. Lakini kabla hajaanza alisema kitu. Nilikuwa pale mlangoni. Nataka alichosema."

Kwenye stemu hakuna. Nilikata mwanzo ili wimbo uanze kwenye pigo la kwanza, kama tunavyofanya siku zote. Nikamwambia anipe hadi Jumapili.

Alhamisi, 25 Septemba, usiku

Ukikata klipu ya sauti kwenye FL hukati faili yenyewe. Unaficha tu ncha. Rekodi ghafi inabaki nzima, mahali ilipoandikwa. Na rekodi ghafi za 2019 zilikuwa kwenye diski ambazo kesho yake nilikuwa nizifute.

Nimewasha mashine ya zamani, blanketi na yote. Mradi ulifunguka ukilalamika: sampuli haipatikani. 2022 nilibadilisha jina la folda, na mradi bado unaitafuta kwa jina la kale. Niliongeza folda zote tano kwenye orodha ya mahali pa kutafutia, nikafungua tena, na nyatiti ikajaa kijani kwenye skrini. Nikashika ncha ya klipu nikaivuta kushoto. Ilikuja sekunde 19.

Feni ipo, bila shaka, ile ile. Juu yake njuga zinatikisika mguu ukijipanga. Uzi mmoja unajaribiwa, unakazwa, unajaribiwa tena. Kisha mzee: "Kijana, imeshika?" Na sauti yangu ya 2019, nyembamba kuliko ya sasa: "Imeshika, mzee." Anacheka kidogo. Anapiga.

Nilisikiliza mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mpango umebadilika. Nimempigia jirani nikamwambia ataipata mashine bila diski, nikampunguzia bei, akakubali, anataka kuweka Linux kwenye diski yake mwenyewe. Kwa ile miradi 67 niliyoiita ya stemu tu, narudi mmoja mmoja kukusanya ghafi zote, hata zile za mwimbaji akikosea na kuomba arudie. Nilizihesabu kama taka za kujaza nafasi. Nafasi ninayo: kati ya TB 1 nimetumia chini ya robo.

Jumapili, 28 Septemba

Mama alikuja na binti yake mkubwa baada ya ibada.

Nilikuwa nimesafisha kidogo mvumo wa feni katika zile sekunde 19, kidogo tu, nikaacha njuga zikae. Binti aliniuliza kama naweza kuweka tena ngoma na besi kwenye toleo la kumbukumbu. Besi ya wimbo huo ilikuwa ile iliyokufa, na nyatiti ya mzee haikufungwa kwa A ya 440, kipimo cha kawaida cha kulinganisha ala. Mwaka ule niliishusha besi senti 35, zaidi ya theluthi ya semitoni, ili ikae chini ya nyuzi bila kugombana nazo. Kwenye stemu besi hiyo imo tayari na mshusho wake. Nikazirudisha zote.

Walisikiliza. Ilipofika "imeshika?" mama alicheka kwa sauti, hasa, akampiga binti yake begani. "Unamsikia? Aliogopa hizi mashine." Kisha akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena.

Nimempa flashi mbili, moja akae nayo, moja iende Siaya. Alitaka kulipa. Nilimwambia kazi hiyo ililipwa 2019.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hali ilivyo. Kwaya: nyimbo nane kati ya tisa zimemiksiwa, ya tisa mwalimu anataka teno zirekodiwe upya Jumatano. Time Machine inahifadhi nakala ya Mac kwenye diski ya pili, tofauti na ile ya exFAT, na diski mbili za mashine ya zamani ziko kwenye bahasha kabatini.

Miradi 111 ina stemu na ghafi zake kamili, nimefungua kila mmoja nikausikiliza. Miwili, yote ya 2017, ghafi zake hazipo popote. Lazima zilipotea zamani kwenye diski niliyoibadilisha mwaka uliofuata, na hata stemu za miradi hiyo zina mashimo mahali vokali zilipokuwa. Kilichobaki kizima ni MP3 ya mwisho. Leo nimewapigia wenyewe simu. Wa kwanza alisema ana nakala ya vokali kwenye laptopu ya kaka yake na ataitafuta. Nambari ya wa pili haipatikani. Dada yake huuza mboga Kayole, karibu na stendi ya matatu. Jumatatu nitapitia huko.